Umekunywa, na nyumbani kuna mgonjwa: gari aendeshe nani?

Ni saa 6 usiku. Mtoto amekakamaa kwa degedege, au mke mjamzito ameanza kutokwa damu. Gari liko uani, funguo ziko mezani, na pembeni ya funguo kuna chupa tupu. Je, baba aliyekunywa ana ruhusa ya kushika usukani kwa sababu ni dharura?

Jibu letu ni hapana, wala si kwa kumwogopa trafiki. Usiku kama huo trafiki ndiye mdogo katika hesabu. Mtu aliyelewa akimpakia mgonjwa hampunguzii hatari, anamwongezea ya pili juu ya ile aliyonayo, na nyingine anawagawia walio barabarani ambao hawajui hata kwako kuna nini. Ila kumwambia mtu "hapana" kisha ukamwacha na mgonjwa mikononi ni nusu ya kazi. Yanayofuata ni nusu iliyobaki: nani aitwe, aambiwe nini, mgonjwa afanyiwe nini wakati chombo kinakuja, na nini kiwe tayari kabla bia ya kwanza haijafunguliwa.

Hesabu ya chupa

Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa moja hupandisha kilevi kwenye damu kwa kama miligramu 40 katika kila mililita 100. Kwa mwanamke wa kilo 55 chupa hiyohiyo hupandisha kama 65, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kukizimulia kilevi. Pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 27 hivi katika kila mililita 100, kwa hiyo nusu glasi uliyomiminiwa na shemeji bila kupima inazidi bia moja. Mbege, ulanzi, mnazi na gongo hatuwezi kukupigia hesabu, kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka pipa hadi pipa.

Ini hupunguza kama miligramu 15 kwa saa, na halina haraka. Chukua mwanamume huyo wa kilo 70. Kaanza kunywa saa 1 jioni, kamaliza ya nne saa 4 usiku. Saa 5 usiku damu yake ina miligramu 105 hivi. Atashuka chini ya 80, kikomo cha sheria ya Tanzania, karibu na saa 7 usiku, na atakuwa mweupe kabisa saa 12 asubuhi. Mwanamke wa kilo 55 aliyekunywa mbili kwa saa mbili yuko kwenye 100, ingawa atakwambia kwa kiapo kwamba yeye alionja tu.

Hizi ni wastani, na mtu na mtu hutofautiana. Aliyekula ugali na nyama kabla hupanda polepole, ambaye hajala hupanda ghafla. Tena kilevi huendelea kupanda nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya funda la mwisho, maana yake ukiondoka nyumbani ukijiona uko sawa unaweza kufika hospitali ukiwa umelewa kuliko ulipotoka. Kahawa chungu, maji baridi ya kichwani, ndimu, maziwa, dafu, kutapika: hakuna hata kimoja kinachoongeza kasi ya ini. Kahawa humfumbua macho mlevi, naye anabaki mlevi aliyefumbua macho.

"Mimi nikinywa naendesha vizuri zaidi" ni kauli ya kilevi chenyewe. Kinachoondoka kwanza ni uwezo wa kujikagua, kabla hata mikono haijaanza kutetemeka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde kufika kwenye breki, umepita mita 8 zaidi, ambazo ni upana wa barabara ya mtaani na mtu aliyekuwa anaivuka. Sasa weka juu yake hofu, mtoto anayelia nyuma, giza, taa za lori usoni, na mama anayesema "kimbiza". Ukiwa mzima tu hayo yanatosha kukuchanganya.

Simu, kwa mpangilio huu

Kosa kubwa hapa ni kutafuta mtu mwenye gari. Gari unalo. Unachotafuta ni mtu ambaye hajanywa na anajua kuendesha, na hao mtaani ni wengi kuliko magari.

Kwanza angalia ndani ya nyumba: shangazi aliyekuja kutembea, mpangaji wa chumba cha uani, binti aliyepata leseni mwaka jana ambaye hakuna anayemkumbuka kwa kuwa "bado mtoto". Halafu majirani. Mtaa wowote una ustadhi mmoja au Mlokole mmoja anayejua kuendesha, na usiku wa Jumamosi hawa wawili ni hazina. Mfikirie pia dereva wa daladala anayelaza gari jirani, mlinzi wa usiku, vijana wa ulinzi shirikishi, mwenye duka la dawa, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ambaye anajua nani analala wapi.

Simu isipopokelewa mara mbili, acha kupiga, nenda kagonge geti. Kama mko watu wazima wawili, gawaneni: mmoja simu, mwingine mgonjwa. Aliyekunywa sana apewe kazi ya geti na tochi, si ya dawa.

Ukimpata mtu, mwambie hivi:

"Shikamoo Mzee Mussa. Samahani kukuamsha. Ni Baba Neema, nyumba ya geti la kijani. Neema ana degedege, dakika ya nne sasa. Mimi nimekunywa, siwezi kuendesha. Gari lipo na mafuta yapo, naomba uje utupeleke."

Sentensi ya tano ndiyo watu wanayoiruka kwa aibu, na ndiyo inayookoa muda. Usipoisema, mzee atauliza "kwani gari lako vipi?", utaanza kuzungukazunguka, naye atadhani mnaweza kujimudu. Ukiisema, anatafuta viatu.

Wakati huohuo simu ya pili iwe inatafuta chombo. Kwa Tanzania, mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga ana namba yake: 115, ya mfumo wa m-mama, bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, huangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu, na likikosekana humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na wewe. Msidhani m-mama ni ya vijijini tu. Ipigeni. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya, polisi ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199.

Ukiita gari kwa programu ya simu, usiiachie ramani kazi yote. Weka alama kwenye kitu kinachoonekana usiku, kama msikiti, kituo cha mafuta au duka lenye taa, umtume mtu akasimame pale na tochi. Mpigie dereva umwambie kuna mgonjwa na kwamba fedha ya kuosha kiti utaiongeza. Madereva wengine hughairi wakiona damu mlangoni, wachache hughairi wakiambiwa mapema na kuahidiwa.

Bodaboda si chombo cha kumbeba aliyezimia, anayetetemeka kwa degedege, anayetoka damu nyingi au aliyeumia mgongo. Kazi yake nzuri usiku huo ni kukuletea dereva. Shilingi elfu mbili au tatu, na shemeji wa mtaa wa tatu anashushwa getini kwako. Tena mnuse kwanza: kijiwe cha saa 6 usiku mara nyingi kiko jirani na baa.

Mgonjwa akiwa bado sebuleni

Hapa ndipo dakika zinapookolewa au kupotea. Familia ikikimbilia garini mara nyingi hupakia mtu ambaye alihitaji kwanza kitu cha dakika mbili sakafuni.

Degedege. Mlaze mtoto ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili mate na matapishi yatoke. Ondoa vitu vigumu pembeni. Angalia saa, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa "ilichukua muda gani", na bila saa kila mtu hujibu "nusu saa". Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe dawa ya kunywa wala maji wakati anatetemeka, usimmwagie maji ya baridi. Vua nguo nzito. Degedege nyingi za homa huisha zenyewe ndani ya dakika 5. Ikipita hizo, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura kamili. Ikiisha, bado aende kupimwa malaria na mengine usiku huohuo, lakini sasa mnaweza kumsubiri Mzee Mussa avae.

Uchungu wa uzazi. Kama kichwa cha mtoto kinaonekana, msiondoke. Kujifungulia kwenye kiti cha nyuma barabarani ni kugumu kuliko kwenye godoro. Tandika kanga safi, nawa mikono kwa sabuni, piga 115 uweke sauti ya nje. Usimvute mtoto, pokea tu. Mkaushe mara moja, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili pamoja na kichwa cha mtoto. Kitovu usikikate kwa wembe wa jikoni, kinaweza kubaki kimeungana hadi hospitali. Kondo likitoka lenyewe, litie kwenye mfuko safi mwende nalo, na tumbo la mama lisuguliwe kwa kiganja chini ya kitovu hadi uhisi donge gumu kama mpira. Mtoto aanze kunyonya. Damu ikiendelea kumwagika hadi kanga inalowa, hapo hakuna kusubiri chombo kizuri. Chochote chenye dereva mzima kiondoke.

Jeraha linalovuja. Kunja kanga, weka, gandamiza kwa kiganja na uzito wa mwili dakika 10 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unavunja donge la damu lililokuwa linajijenga. Kanga ikilowa, ongeza nyingine juu, usiitoe ya kwanza.

Pumu. Akae wima, ameegemea mbele. Pafu ya bluu (inhela, dawa ya kuvuta): mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika nzima, mpaka 10, kisha msaada uwe njiani. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chukua chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500, toboa kitako tundu la kuenea mdomo wa pafu, ziba pembeni kwa gundi ya karatasi. Mdomo wa chupa uwe kinywani kwake, bonyeza mara moja, avute pumzi tano za kawaida. Rudia.

Kukabwa na chakula: mapigo 5 ya kiganja katikati ya mabega, kisha mibano 5 ya tumbo kuelekea juu, ukibadilisha. Mtoto chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo, anabanwa kifua kwa vidole viwili. Hii haisubiri gari la mtu yeyote, inaisha sebuleni kwa heri au kwa shari.

Kiharusi: uso umepinda, mkono mmoja unaanguka, maneno yanaburuzika. Usimpe kitu chochote mdomoni, hata aspirini. Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha donge, penye hospitali inayoitoa, ina dirisha la saa nne na nusu. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, hakuna kuchanja wala kufunga kamba. Aliyeungua awekwe chini ya maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai.

Wakati haya yanaendelea mtu mmoja akusanye: kadi ya bima ya afya au kitambulisho, kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye makasha yake, kanga tatu, chaja, fedha. Ajali au shambulio likihitaji PF3, ile fomu ya polisi, mgonjwa ahudumiwe kwanza, fomu ifuatwe kituoni na mtu mwingine.

Dereva aliyepatikana

Muulize waziwazi: "Umekunywa?" Usione haya, yeye mwenyewe atajua kwa nini unauliza. Swali lihusu na dawa za mafua au za usingizi.

Nani afadhali kati ya mzee wa miaka 65 mwenye miwani na leseni, kijana wa miaka 16 aliyejifunzia uwanjani, na mjomba aliyekunywa "moja tu"? Mzee, bila mjadala. Kijana hana leseni na hajawahi kuendesha usiku na mgonjwa. Na "moja tu" ya mjomba ni idadi ambayo hatujawahi kuona ikipungua inapohesabiwa chupa zenyewe. Kama mzee amezoea otomatiki na gari lako ni la gia, mwambie kabla hajawasha, umwonyeshe rivasi inavyoingia, taa kubwa, na mlango unaogoma.

Aliyekunywa akienda, akae kimya. Kazi yake si kumwambia dereva akanyage mafuta. Kilomita 10 kwa mwendo wa 60 ni dakika 10, kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Dakika mbili na nusu hizo mlizichoma sebuleni mkitafuta viatu. Washa taa za hatari kama mnaenda polepole, na trafiki akisimamisha, dereva ashushe kioo, aseme jina la hospitali na hali ya mgonjwa. Dereva akiwa mzima hayo mazungumzo huwa mafupi.

Jambo moja linalosahaulika: hospitali ikihitaji damu, ndugu waliokunywa kwa kawaida hawatolewi mpaka zipite saa 24. Kwa hiyo anayepiga simu aulizie pia watu wazima wasiokunywa wa kuja kutoa.

Mahakamani "ilikuwa dharura" inafika wapi

Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kenya, kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari kunaweza kukugharimu faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miaka miwili, au vyote, na kusababisha kifo kwa uendeshaji mbaya hufika miaka 10. Kanuni za adhabu za nchi hizi zinapozungumzia mtu kushurutishwa kutenda kosa zina maana ya kutishiwa maisha na wakosaji, si homa ya mtoto. Dharura utaisema, na hakimu anaweza kuiangalia anapopima adhabu, lakini usiibebe mfukoni kama kibali.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimechimbuka, mahakama zimelitafuna swali hili hasa. Katika kesi ya Taylor dhidi ya Rajan ya 1974, majaji walikubali kwamba mtu aliyeweka gari, akanywa nyumbani akijua hatoki tena, kisha dharura ikazuka, anaweza kuomba asifungiwe leseni. Asifungiwe tu, hatia inabaki palepale. Na hapo huulizwa: kulikuwa na njia nyingine? Jirani? Teksi? Gari la wagonjwa? Dharura ilikuwa ya uzito gani? Ulikuwa umekunywa kiasi gani? Aliyezidi miligramu 100 ana nafasi finyu mno. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya juu, mwanamume wa bia nne saa 5 usiku tayari amepita.

Kesi nyingine mbili zinaonyesha mstari ulipo. Mmoja (Bell, 1992) alikimbia washambuliaji kwa gari akiwa amelewa, akaenda umbali mfupi, akasimama, akaachiwa. Mwingine (Jones, 1990) naye alikimbia washambuliaji, lakini akaendelea hadi nyumbani bila kuangalia kama kuna anayemfukuza, na utetezi ukaanguka. Hatari ilikuwa imeisha, yeye akaendelea.

Bima nayo: hata bima kubwa kwa kawaida huwa na kifungu kinachoitoa kampuni ikibainika dereva alikuwa amelewa. Soma yako mchana ukiwa mzima.

Kabla ya kufungua chupa

Nyumba yenye mjamzito wa miezi ya mwisho, mtoto mwenye pumu, mgonjwa wa selimundu au mzee wa presha isiwe na usiku ambao wote wenye leseni wamekunywa. Pangeni zamu, na mwenye zamu hanywi hata "ya kusindikizia". Kwenye sherehe mwenye zamu ndiye akae na funguo mfukoni, si mwenye gari.

Ongea na jirani wawili mchana, si usiku. "Mzee, ikitokea shida usiku nami sijiwezi, naweza kukugongea?" Hakuna anayekataa, na siku ukigonga atakuwa ameshakubali tayari. Mwache alijaribu gari lako hata mara moja kuzunguka mtaa. Funguo za akiba zikae mahali ambapo mkeo anapajua.

Tangi lisishuke chini ya robo. Gari lipaki likitazama geti. Shilingi 30,000 taslimu zikae mahali pamoja na kadi za hospitali, kwa sababu salio la simu hugoma usiku unaolihitaji. Namba ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa jikoni: 115, 112, jirani wawili, bajaji mmoja anayelala karibu, hospitali ya karibu inayopokea usiku. Thibitisha hiyo ya mwisho kwa miguu, maana zahanati nyingi zenye bango la "saa 24" usiku zina mlinzi peke yake.

Ukibaki peke yako kweli

Shamba, mtandao hakuna, mgonjwa anavuja damu. Kabla ya kuwasha gari, tumia ulivyonavyo. Honi ndefu tatu, pumzika, tena tatu, na taa kubwa zikiwashwa na kuzimwa. Piga yowe. Kijijini yowe la usiku lina maana moja, na watu hutoka. Tuma mtoto mkubwa mwenye tochi kwa nyumba ya karibu. Panda kilima unakopata mtandao.

Kama hatari ni ya mahali penyewe, yaani nyumba inaungua, maji ya mafuriko yanaingia au wavamizi wako mlangoni, toa gari hadi pale hatari inapoishia. Mara nyingi ni mita mia chache. Simama, zima, toa funguo.

Na yuko atakayeendesha kwa ajili ya mgonjwa pamoja na haya yote. Huyo ajue jambo moja: safari yake si ya hospitali. Ni ya mtu wa kwanza mzima au alama ya kwanza ya mtandao, kwa mwendo wa baiskeli, taa za hatari zikiwaka, na hapo anamkabidhi mtu usukani. Kilomita moja ya barabara ya shamba na kilomita 20 za lami yenye malori si kosa la ukubwa mmoja, wala hakimu hatayaona hivyo.

Asubuhi yake

Mgonjwa amelazwa, jua limechomoza, na aliyekunywa anataka kupeleka uji hospitali kwa gari. Rudia hesabu. Wa bia nne zilizoanza saa 1 jioni ndiyo kwanza anakuwa mweupe saa 12 asubuhi, na hajalala. Wa bia nane ana kama miligramu 330 za kuondoa kwa 15 kwa saa. Hizo ni saa 22, yaani mpaka saa 11 jioni. Chupa ya uji apewe bajaji.